Mifuko Sita ya Udongo wa Neema

Katoyi, kabla ya kutoka

Niseme mwenyewe kabla Mama Masika, jirani yangu, hajawasimulia kwa mdomo wake wenye pilipili: udongo ule niliumwaga mimi. Si panya, si mvua, si mwizi. Mimi, mtu mzima niliyemaliza sekondari, mwenye cherehani barazani na akili timamu, angalau asubuhi.

Ninyi mnaokuja kushonesha suruali hapa hamkuacha kuniuliza ilikuwaje mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye cherehani akaonekana juu ya moto, yaani pikipiki, anaelekea Rutshuru na jembe mgongoni. Basi kaeni. Mambo ya vibali na karatasi nitayaruka. Yaliwachosha hata waliopiga muhuri.

Mnaijua Katoyi yetu ya hapa Goma. Nyumba zimekaa juu ya mawe ya volkano, na ukitaka kupanda hata kitunguu kimoja, kwanza utafute udongo wa kukipandia. Ndiyo maana kila anayekwenda Kibumba au Rutshuru namwambia, "Usiniletee ndizi, niletee udongo." Wengi hucheka. Wachache huleta. Hivyo ndivyo nilivyokipata kile kitanda changu cha mboga za lengalenga kando ya ukuta, kikubwa kama mkeka wa watu wawili.

Sasa Neema, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu darasa la tatu, alirudi Jumanne kutoka safari ya wiki nzima akitetemeka kwa malaria. Aliweka mifuko sita barazani, akapita moja kwa moja chumbani kulala. Nikafungua mmoja. Udongo mweusi, laini, unanukia kama mvua ya kwanza. Moyo ukayeyuka. Nikasema, tazama mtoto huyu, mgonjwa hivi, lakini amemkumbuka mjomba wake! Sikumwamsha hata kumshukuru. Nilimimina mifuko yote sita kwenye kitanda changu, nikachanganya vizuri kwa mikono miwili, nikamwagilia, nikatia mbegu. Na niliimba.

Alasiri Neema akasimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Tonton, mifuko yangu iko wapi?"

"Aksanti sana, mama. Lengalenga zitakuombea Mungu."

Alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ndipo nikajua. Neema, aliyesomea kilimo, alikuwa anagombea nafasi moja ya utafiti wa shahada ya pili. Nafasi moja, wagombea wengi. Kila mmoja alitakiwa kufika mbele ya jury ya walimu Jumatatu na udongo wa mashamba sita, aeleze swali lake. Swali la Neema lilikuwa hili: udongo uliochoka unarudishiwaje nguvu, mkulima asilazimike kuingia msituni kukata shamba jipya? Alikuwa amelitembelea swali hilo kwa miguu, shamba kwa shamba. Na mimi nililipandia mboga.

"Nichote tena?" nikauliza. "Ungali pale pale."

"Tonton, umwage chai, maziwa na maharagi katika sufuria moja, kisha uniambie nichague maziwa?"

Muuguzi alikuwa amemtundikia chupa ya serumu na kumkataza kutoka. Nani wa kwenda? Niliangalia kushoto na kulia barazani. Kulikuwa na cherehani tu.

Neema akanipa jembe, beseni na daftari lake lenye michoro ya mashamba, akanifundisha akiwa amelala. Chimba sehemu tano za shamba, kina cha shibiri moja, changanya katika beseni, jaza nusu mfuko. Usichimbe kando ya njia. Usichimbe palipochomwa takataka. Andika namba.

"Na ukifika, ulime nao kwanza," akasema. "Ndipo uombe."

Nilidhani ni homa inayosema.

Goma mpaka Kibumba

Aliyenibeba ni Djuma, motard wa mtaa wetu, baba wa watoto wanne, mwenye subira ya mtawa. Aliihitaji. Sijapanda moto mara nyingi, na kila tulipokutana na lori nilimkumbatia kwa mapenzi ambayo mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuyaona.

"Papa, unishike kiuno, si shingo," akasema. "Nikikufa, nani atashika guidon ya moto?"

Barabara inapanda, mlima Nyiragongo uko kushoto na kofia yake ya moshi, na baridi inaanza kukuhesabu mifupa. Nilikuwa nimevaa koti la kanisani na viatu vya kanisani, kwa sababu nilifikiri naenda kuwakilisha utafiti. Karibu na Kibumba msumari ukaingia tairini. Djuma akaenda kutafuta wa kuziba. Mimi nikamalizia kwa miguu, beseni kichwani, kati ya mashamba ya kabeji na viazi.

Mama Odette, mwenye shamba la kwanza, alikuwa ameinama kwenye matuta. Akainuka taratibu, akaanza na viatu vyangu, akapanda mpaka usoni.

"Weye njo ule mujomba?"

"Mujomba gani, mama?"

"Mwenye alimwaga."

Kumbe Neema alikuwa amempigia simu kumwomba radhi. Fikirini: mtu yuko na serumu mkononi, anaomba radhi kwa kosa langu.

"Alilia kidogo," Mama Odette akaongeza, na hakuongeza sukari. "Sasa shika jembe."

"Mama, mimi nimekuja tu kwa udongo kidogo, niko na haraka..."

"Haraka ulikuwa nayo Jumanne. Leo shika jembe."

Nikavua koti. Nikalima. Mikono yangu imezoea sindano. Tuta la kwanza tu, lengelenge likatokea, la pili likapasuka. Yeye alikuwa ananipita na kunirudia kama mtu anayesubiri mbuzi. Tulipopumzika alinipa viazi vya kuchemsha na maharagi, chumvi kidogo juu, na sijakula kitu kitamu hivyo miaka mingi. Pengine ilikuwa njaa. Pengine aibu nayo ni kiungo.

"Watu wanakuja hapa na bic," akaniambia akimenya kiazi. "Wanauliza, wanaandika, wanapiga foto na viazi yangu, wanapotea. Neema alilima hapa siku mbili. Alisema atarudi kuniambia udongo wangu ulisema nini. Mimi niko nangojea jibu, papa. Na weye jibu yangu ulipandia lengalenga."

Mpaka hapo nilidhani nimemkosesha mtu mmoja. Niliondoka Kibumba na mifuko miwili, wake na wa kaka yake anayelima bonde la pili, na viganja visivyoweza kufungika vizuri kwenye kiuno cha Djuma. Alifurahi sana kwa hilo.

Kibumba mpaka Rumangabo

Huko Rumangabo nilipokelewa kama mfalme, na hiyo peke yake ingenitosha kushtuka.

Muzee Bahati, mkulima aliyefuata kwenye daftari, ni mtu mwembamba aliyenyooka kama mti wa ua. Niliposema tu mimi ni mjomba wa Neema, akaita watu wa nyumbani, kiti kikaletwa, kitambaa kikawekwa kitini, kasiksi, pombe ya ndizi, ikamiminwa. Nikajisemea: hapa angalau wanaheshimu elimu. Tukanywa. Akaniuliza habari za ukoo wetu, tumetoka Butembo au Lubero, kama tuna kisukari. Nikajibu yote. Nilifikiri ni maswali ya utafiti.

Kisha akasema, "Basi, papa, kwa upande wenu munaomba ngombe ngapi?"

Kasiksi ikapita njia isiyo yake. Kumbe wiki ile alikuwa amemtania Neema kwamba ana mjukuu asiyeoa, na Neema, kwa adabu, akajibu kwamba mambo hayo huongewa na mjomba. Na sasa mjomba ametokea, na koti la kanisani!

Nikaeleza. Muzee akacheka mpaka akashika mbavu, lakini kiti hakukichukua. "Basi tulime," akasema. "Mutu hawezi kunywa bure."

Shamba lake linaishia penye mstari wa mawe, na ng'ambo ya mawe ni msitu wa hifadhi. Nyuma ya mstari ule ni giza la majani na ndege. Mbele yake ni maharagi ya njano, mafupi, yaliyokaa kama watoto waliokosa chakula. Halafu kuna kona moja, karibu na nyumba, ambako alikuwa amepanda miti kati ya matuta na kuzika majani yake. Pale maharagi yalikuwa yananifika magotini. Neema alitaka udongo wa pande zote mbili, alizozihesabu kama mashamba mawili: mfuko wa tatu na wa nne.

Tukiwa tunachimba nikamuuliza kama hajawahi kutamani upande wa pili wa mawe.

"Kila asubui," akanijibu. "Ule udongo ni nyama, papa. Huu wangu ni mufupa. Jirani wangu alivuka, wakamukamata, akarudi, akavuka tena. Si mubaya. Iko na watoto saba." Akagonga tope kwenye jembe. "Mimi nilisema nitangojea huyu mutoto anionyeshe kama mufupa inaweza kuota nyama. Lakini sitangojea sana. Tumbo haijue kusoma."

Niliandika namba tatu na namba nne polepole sana, kama mtu anayeandika jina la mtoto kwenye cheti cha ubatizo.

Rumangabo mpaka Kiwanja

Mji wa Kiwanja ni kelele. Moto zinanguruma, magunia ya mahindi, ndizi zimelala barabarani kama wagonjwa, kila mtu anauza na kila mtu anapita. Tulilala kwa binamu wa Djuma, na asubuhi tukala fufu na samaki wa ziwani Vitshumbi, mkubwa kiasi kwamba mkia wake ulikaa kwenye sahani ya Djuma na kichwa kwenye yangu. Shamba la tano, la Papa Paluku, halikunipa shida. Nililima bila kuambiwa. Aliangalia matuta yangu akasema, "Ni mabaya, lakini ni mengi," na nikaichukua kuwa sifa.

La sita ndilo lililonipata.

Kwenye daftari Neema alikuwa amechora parachichi, mfereji, na jina: Mama Kahindo. Parachichi nililiona. Mfereji niliuona. Mama Kahindo sikumwona. Majirani wakaniambia alikuwa ameondoka siku tatu kabla, amewafuata watoto wake Butembo, na haijulikani kama atarudi. Ndani ya shamba kulikuwa na mwanamume anang'oa mihogo ya mama huyo. Nikamsalimia, nikainama, nikachimba kipande cha kwanza. Sikulima kwanza. Nilikuwa nimechoka, na nilifikiri shamba lisilo na mwenyewe halina adabu zake.

Akaja mbio na jembe juu.

"Nani alikutuma kupima shamba?"

"Sipimi, ndugu yangu. Nachukua udongo kidogo tu, wa kusoma."

"Aka! Udongo wa kusoma! Leo unabeba udongo, kesho unaleta karatasi, kesho kutwa unaniambia shamba ni yako. Tunawajua watu wa Goma!"

Djuma akanivuta mkono. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na tangu vita, huku kwetu mtu hakusanyiki bure. Nikamwaga kile kipande chini, nikaondoka na mfuko mtupu.

Hapa sasa ndipo pa kusema ukweli. Nyuma ya soko kuna kiwanja kidogo wanapoteremshia magunia. Djuma alikuwa anatia mafuta. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikachota udongo pale pale kwa mkono, nikajaza nusu mfuko, nikaandika: sita. Nani angejua? Udongo ni udongo. Hilo ndilo nililojiambia, mimi niliyetoka kuandika namba tatu na namba nne kama majina ya ubatizo.

Kiwanja mpaka Goma

Njia ya kurudi ilikwenda vizuri mpaka kwenye kizuizi kimoja, nacho sitakitaja. Mtu wa pale akapapasa mizigo yangu, akakuta mifuko sita midogo, mizito, kila mmoja na namba. Macho yake yakapanuka.

"Papa, hii ni madini gani?"

"Si madini, chef. Ni udongo."

"Udongo wenye iko na numero?"

"Ni wa utafiti."

"Mutu gani anatoka Goma mpaka Kiwanja kutafuta udongo?"

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na kikapu cha maparachichi akadakia, "Chef, huyu asema kweli. Goma hawana udongo, wako na mawe tu. Mimi shemeji yangu wa kule ananiombaka udongo kuliko pesa!" Foleni nzima ikacheka. Kila mmoja alikuwa na ndugu wa Goma aliyemwombea udongo. Niliona aibu na nikaokoka papo hapo.

Lakini chef hakutaka kushindwa mbele za watu. "Sawa. Kama si madini na si sumu, ramba."

Nikaangalia mifuko yangu. Wa kwanza, wa Mama Odette anayengoja jibu. Wa tatu, mfupa wa Muzee Bahati. Wa tano, wa matuta mabaya lakini mengi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye wa sita. Nikaramba ule wa uwongo, kwa sababu ile ya kweli sikutaka ipungue hata ukucha mmoja. Ulikuwa na ladha ya makaa na mafuta ya pikipiki. Watu wakapiga makofi. Djuma hakupiga. Alikuwa amenitazama nikichagua.

Tulipofika Kibumba akasema bila kugeuza kichwa, "Papa, ule wa mwisho ulichotaka wapi?"

Nilijifanya upepo umenizuia kusikia.

Katoyi tena

Neema alikuwa ameketi barazani, amekonda, homa imemwacha. Akafungua mifuko mmoja mmoja. Alikuwa anatia tone la maji kiganjani, anausugua udongo kwa kidole gumba, ananusa. Wa kwanza akatabasamu. Wa nne akasema, "Huu ni wa karibu na nyumba, kwenye miti," na hakuwa ameangalia namba. Nikajua nimekwisha.

Wa sita aliusugua mara mbili. Kidoleni kikabaki kipande cha makaa na ganda la karanga.

"Tonton, huu ulitoka wapi?"

Nikaeleza yote: mihogo, jembe, soko. Na kwamba niliuramba. Hapo alicheka kidogo, na machozi yakatoka pamoja na kicheko, sikujua ni ya nini. Kisha akaenda mpaka kwenye kitanda changu cha lengalenga, akaumwaga ule wa sita juu ya ile mingine.

"Nitaenda na mitano," akasema.

"Watakukataa, mama! Peleka sita. Nani atajua?"

"Mama Kahindo atajua. Nitamwambia nini, udongo wa soko ulisema nini?"

Jumatatu nilikaa kwenye ukumbi wa nje, viganja vyangu vimefungwa vitambaa, nikasikia kupitia mlango mtu anauliza shamba la sita liko wapi. Nikamsikia Neema anajibu kwamba mwenyewe amelihama, na aliyebaki anaogopa kila anayechimba, na kwamba hilo nalo ni sehemu ya swali lake: hakuna anayelisha udongo ambao hajui kama atauvuna. Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Sikujua ni dalili nzuri au mbaya. Mimi ni fundi wa suruali.

Jibu lilikuja lengalenga zikiwa zimefika kiunoni. Zimeota, jamani, kama zinanicheka. Nafasi walimpa mwingine. Walimwandikia Neema kwamba swali lake ni zuri, lakini kazi haikutimia. Wamemweka kwenye orodha ya wanaosubiri, ajaribu tena msimu ujao na mashamba yote sita. Alisoma ujumbe mara moja, akaifunika simu juu ya goti.

"Mitano walinipimia," akasema. "Niko na majibu ya hayo mashamba matano. Jumamosi naenda Kibumba kumwambia Mama Odette, halafu kwa Muzee. Kisha nitajaribu kwa yule wa mihogo. Nitalima naye kwanza." Akaniangalia. "Utanisindikiza, tonton?"

Nikaanza kuhesabu: kuna suruali za harusi hazijakatwa, mgongo bado unauma, na mawingu ya wiki hii hayaeleweki. Nilikuwa nimepika lengalenga za kwanza, na Mama Masika alikuwa ameingia na sahani yake kama kawaida, bila kubisha. Alikuwa amesikia yote. Akala vijiko vitatu, akaiweka sahani chini, akanielekeza kwa kidevu ukutani nilikolisimamisha jembe.

"Beba ile kitu, papa, ufwate mutoto," akasema. "Hii lengalenga yako ilikula masomo yake, na hata ladha haiko nayo."